Sentensi Moja katika Jarida la Mapitio

Jarida la mapitio ya elimu ya vijidudu halipokei makala ya kila mtu. Humwalika mtaalamu mkubwa aeleze tafiti za dunia zimefika wapi, na mkubwa humtwika mdogo. Safari hii mwaliko ulimfikia Profesa, na mzigo ukamwangukia msaidizi wake, binti aliyemaliza chuo juzi tu.

Alisoma mpaka macho yakamwiva. Utafiti mmoja ulimkwama kooni, tena ule uliompa Profesa jina, wa bakteria mpole anayezuia vidonda visioze. Maabara nyingine zilijaribu kuurudia, zikatoka kapa. Binti akaandika: "Matokeo haya hayajathibitishwa kwingine."

Profesa akamwita ofisini.

"Mwanangu, hii sentensi ina kazi gani?"

"Inasema kweli, Profesa. Madaktari wanalisoma jarida hili."

"Ifute. Jina lako litafuata langu, na nafasi ya kusomea uzamivu umeipata."

Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba jina la bintiye litatoka jaridani. Lakini mzee huyu ndiye aliyemfundisha kwamba mbele ya ushahidi hakuna mkubwa. Akaona amtie haya kidogo.

"Basi ukiifuta, na jina langu lifute."

Profesa akachukua kalamu, akakata sentensi, akakata na jina. Hata mkono haukusita.

"Haya. Mengine yote mazuri sana. Asante, mwanangu."

Jarida lilipotoka, fundi wa maabara, waliyemwita Kibiriti kwa kupenda kuunguza kila kifaa, alisoma shukrani kwa sauti: "'Tunamshukuru msaidizi wetu kwa kupiga chapa.' Hongera dada, kumbe wewe ni karani!"

"Kibiriti, niache."

"Nakuacha. Ila Profesa kasema ufungashe vichupa vya yule bakteria. Kuna hospitali imesoma makala, inataka kumjaribu kwa wagonjwa wa vidonda."

Binti alikuwa anafunga kichupa cha kwanza, simu imebanwa begani, mama yake akiwa upande wa pili.

"Jina lako liko ukurasa gani? Baba yako anatafuta miwani."

"Halipo, mama."

"Halipo? Si uliandika wewe?"

"Niliandika mimi. Kuna sentensi niliyokataa ifutwe."

"Sentensi ngapi?"

"Moja."

"Moja tu, mwanangu? Si ungewaachia."

Binti alikaza kifuniko, akachukua kichupa kingine.