Kaburi Katikati ya Parachichi

Kaka yangu Yotamu anafundisha Kiingereza sekondari, na neno likitajwa mbele yake lazima alieleze. Mwekezaji alipokuja mlimani kwetu, juu ya Mbalizi, kununua mashamba apande parachichi, Yotamu ndiye aliyetafsiri kikaoni. Mzungu alisema "surround". Yotamu akaokota kijiti, akachora duara chini, akaweka jiwe katikati.

"Hili ni kaburi la baba. Miti italizunguka tu. Angesema 'include', hapo lingekuwa limo kwenye mali yake. Hajasema."

Watu wakapiga makofi. Mama yetu, Atuganile, alitaka kujua jambo moja tu: na yeye atalazwa pale? Yotamu akamwambia aondoe shaka. Lakini swali hilo hakumfikishia Mzungu. Swali la mama lingemharibia somo.

Mama alifariki mwezi uliopita. Asubuhi vijana walipita geti la shamba la mwekezaji na majembe, wakachimba pembeni mwa baba. Mlinzi Isaka, mtoto wa jirani, alidhani wanakwenda kupalilia kaburi. Gari la jeneza lilipofika, akafunga geti.

"Ndaga, pole dada Tumpe," aliniambia, macho chini. "Bosi anasema walikubaliana kaburi moja. La pili halimo."

Isaka akampigia bosi, nami nikampa Yotamu simu. "Ongea naye. Kiingereza si chako?"

Akaongea. Nilimsikia akisema "sir", halafu "sir" tena, mwisho "thank you".

"Unamshukuru kwa lipi?"

"Ametupa pole."

Akinamama wakaacha kuimba. Mchungaji akasema tusimchoshe marehemu barabarani, nafasi ipo kwenye makaburi ya kanisa. Tukamzika huko jioni, kati ya watu asiowajua. Nililia zaidi kwa hasira kuliko kwa msiba, na sioni aibu kusema.

Lakini kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, la sivyo litaita mwingine wa nyumba ileile; hufukiwa shina la mgomba badala ya mtu. Kesho yake Isaka akatufungulia, maana shina la mgomba si maiti. Yotamu alilibeba begani. Tukalilaza ubavuni mwa baba, pale alipopataka mama, tukafukia.

Yotamu akaniomba nimweleze baba kilichotokea. Nikamwambia amweleze yeye, mtafsiri ni yeye. Nikachukua jembe langu nikaondoka, nikamwacha amesimama pale na baba yetu na mgomba.