Cheche Katika Ghala la Korosho

Ahmadi Kibwana alikwenda vita vya Burma akamwacha mkewe, Kibibi, na mimba. Ikarudi saa yake ya mkono tu, bila kioo, namba zake ziking'aa gizani. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Kibibi hakukaa eda, wala hakuolewa tena. Kwa miaka thelathini aliifunga saa ile katika pindo la kanga, kiunoni, akiamini mumewe anamtazama.

Mwaka 1974 kitongoji chao kilihamishiwa kijiji cha ujamaa Likawage. Mwanawe Pazi, mwalimu wa fizikia Lindi, alipokuja likizo alimkuta mama hapati usingizi.

"Tumemwacha peke yake kule tulikohama, mahameni," alisema Kibibi. "Sasa saa inawaka kwa hasira."

Pazi akataka kumtoa hofu. Adhuhuri moja aliziba nyufa za ghala tupu la korosho kwa magunia, wakaingia. Aliweka saa mezani, na shibiri moja na nusu mbele yake akasimamisha kibao cha maabara, kilichopakwa unga unaotoa cheche ukigongwa.

"Si macho ya baba, mama. Rangi hii ina radiamu, inarusha chembe za alfa. Hewa huzichosha, hazifiki kwenye kibao. Ila mojamoja hugonga kiini cha naitrojeni hewani, nacho hutema protoni. Protoni ndiyo inayofika mbali."

"Na kile kilichogongwa?"

"Hugeuka oksijeni. Hakirudi kuwa kilivyokuwa."

Wakangoja gizani kimya, mpaka macho yakazoea. Cheche moja ikapasuka kibaoni, ikazimika.

"Ahmadi," Kibibi akaita.

"Protoni, mama."

Ikaja ya pili. Pazi, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, alijisikia akiitikia, "Naam."

Walipofungua mlango Kibibi alijifunga kanga upya, na Pazi akaona kidonda cheusi kiunoni.

"Hiki cha lini?"

"Zamani. Hakiponi."

Pazi akaitazama saa, kisha pindo alilokuwa akiifungia. "Mama, nahofu saa ndiyo inayokuchoma."

Kibibi akakifunika kidonda. "Basi hata yeye hataki niibebe."

Kesho yake walikwenda mahameni. Pazi akachimba kina cha kaburi. Kibibi akaivika saa kitambaa cheupe, wakaizika, wakasoma Fatiha.

Asubuhi iliyofuata balozi wa nyumba kumi akapiga hodi. "Mama Pazi, leo zamu yako shamba la kijiji."

"Nimo edani," alijibu Kibibi kutoka ndani.

"Eda ya nani?"

"Ya mume wangu. Tumemzika jana."

Balozi akamgeukia Pazi.

"Ni kweli," Pazi akasema.

Yule mzee akavua kofia. "Mungu amrehemu."

Miezi minne na siku kumi hakuna aliyemwita shambani. Wanawake walimletea uji, wakaketi naye, wala hawakuuliza maiti ilitoka wapi. Kidonda hakikupona.