Siku Bwana Rud Alipoacha Kubishana

Mimi na mume wangu Leland tulipofungua duka la bunduki, mji mzima ulitucheka. Si kwa sababu ya bunduki. Huku kwetu kila nyumba ina bunduki nyuma ya mlango wa jikoni, na asiyekuwa nayo huonekana mgeni. Walicheka kwa sababu jengo tulilonunua lilikuwa saluni ya Bi Oline, na mpaka leo ukiingia unakutana na vioo vitatu ukutani na harufu ya dawa ya nywele ambayo mafuta yote ya bunduki yameshindwa kuifukuza.

"Ardis," waliniuliza, "nikinunua risasi utanitia na mawimbi?"

"Kwa nywele zipi?" niliwajibu.

Mimi ndiye fundi. Nilijifunza kwa baba, kwenye banda lake, kabla sijajua kusoma. Leland hukaa kaunta: huuza, hupiga simu serikalini kumkagua kila mnunuzi kama sheria inavyotaka, na hupiga soga kuliko anavyouza. Mwaka wa kwanza tuliuza zaidi glavu na vyambo vya samaki. Mwaka wa pili watu wakaanza kuniletea bunduki za babu zao nizitengeneze, na hapo ndipo duka liliposimama.

Lakini woga niliupata siku ya kwanza kabisa. Sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu, alikuja kutupongeza, akanywa kahawa yetu, akachukua biskuti ya pili, kisha akaniambia, "Wengi watakuuliza kama huogopi majambazi. Majambazi huku hatuna, Ardis. Huku bunduki ikiua mtu, mara nyingi ni ya marehemu mwenyewe, na kidole ni chake." Akasema biskuti tamu, akaondoka. Tangu hapo kila mteja aliyetoka na kitu mkononi nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye gari lake. Leland alisema nawatazama watu kana kwamba wametuibia. Mwache aseme. Yeye hakuogopa, mimi niliogopa, na mtu mmoja katika nyumba lazima aogope.

Sasa Bwana Rud. Torvald Rud alilima ngano kaskazini mwa mji, alikuwa rafiki wa baba yangu, na hakuwahi kununua kitu kwa bei iliyoandikwa. Alibishana bei ya misumari. Alibishana bei ya kukata nywele, akidai zilizobaki ni chache. Siku moja kanisani, kwenye mnada wa kuchangia paa jipya, alibishana bei ya keki mpaka ikashuka, na keki yenyewe ilikuwa imepikwa na mke wake, Solveig, aliyekuwa amesimama pale pale na kisu cha kukatia. Tulicheka mpaka mchungaji akaomba tutulie.

Solveig alifariki Agosti, ngano ikiwa inavunwa. Tulimzika, tukampelekea Bwana Rud mabakuli ya viazi na nyama, na majirani wakamvunia shamba bila kuombwa. Halafu tukamwacha. Huku kumwachia mtu nafasi ndiyo heshima, mwanamume hafuatwifuatwi. Nilikuwa naiona heshima nzuri hiyo. Siku hizi naichukia.

Alhamisi moja ya mwishoni mwa Oktoba, msimu wa kuwinda kulungu ukiwa unafunguliwa Jumamosi, duka lilijaa asubuhi nzima. Baada ya chakula cha mchana watu wakapungua, kisha wakaisha. Ndipo Bwana Rud akaingia. Alikuwa amenyoa vizuri. Alivua kofia, jambo ambalo halifanyi hata kanisani mpaka akumbushwe.

"Binti," alinisalimu. Hajawahi kuniita jina tangu nizaliwe.

"Bwana Rud. Umekuja kutufilisi?"

Hakucheka. Aliinama juu ya kabati la kioo, akanyoosha kidole kwenye bastola ya kwanza aliyoiona. "Hiyo."

Leland akaitoa, akaifungua kumwonyesha kuwa ni tupu, akamkabidhi. Bwana Rud aliishika kidogo tu, akairudisha. Hakuipima uzito. Hakuuliza mkoba wa kuivalia kiunoni.

"Na risasi. Sanduku dogo kabisa."

"Dogo halina faida," Leland akamwambia, "bei ni karibu ile ile. Chukua kubwa."

"Dogo linatosha."

Nilingoja. Nasema kweli, nilisimama na kitambaa mkononi nikingoja abishane. Leland akataja bei, na makusudi akaipandisha, kumchokoza, maana wao wawili huo ndio mchezo wao. Bwana Rud akatoa pochi.

"Sawa," akasema.

Mwili wangu ulipoa kuanzia miguuni. Leland bado alikuwa anatabasamu, akifikia simu ya ukaguzi. Mzee huyu hajawahi kukosana na sheria. Wangemkubali kabla kahawa haijapoa.

"Simu ya serikali imekufa," nikasema. "Tangu asubuhi haipiti."

Leland akanitazama. Asubuhi ile ile alikuwa ameitumia mpaka sikio likamwuma.

"Imekufa," nikarudia, nikimkazia macho.

Bwana Rud hakukasirika. Hilo nalo lilinitisha, maana yeye hukasirikia hata mvua. Alirudisha pochi mfukoni, akasema, "Basi nipe ya baba. Iliisha?"

Bunduki ya baba yake alikuwa ameileta mwezi Juni, Solveig akiwa mzima, nibadilishe kitako kilichopasuka. Nikafungua mdomo kusema bado.

"Iko tayari tangu wiki iliyopita," Leland akasema. "Kazi safi, utaipenda."

Ningemtafuna. Lakini hakuwa na kosa; hakuona nilichokiona. Na bunduki ya mtu iliyokuja kutengenezwa ni mali yake, kuirudisha hakuhitaji simu wala ukaguzi. Akiitaka, unampa.

"Ngoja niipanguse mafuta," nikasema, nikaichukua ukutani, nikaingia chumba cha nyuma.

Nilifunga mlango. Nilichomoa komeo, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kabla ya kupiga. Ndani yake kuna pini, na ncha ya pini ndiyo inayogonga risasi. Nilikuwa na kopo la vyuma vibovu, na ndani ya kopo pini ya aina ile ile iliyokatika ncha. Nikaitoa nzima, nikaingiza iliyokatika. Ukiivuta na kuifyatua italia vizuri, tak, lakini haitagusa kitu.

Baba yangu angenifukuza bandani. Fundi hampi mtu bunduki isiyopiga. Huku kuna dubu, kuna mbwa wenye kichaa, kuna ng'ombe aliyevunjika mguu anayehitaji kumaliziwa maumivu. Na kama nimekosea, kama mzee amechoka tu na kubishana, basi jina letu limekwisha, na duka nalo. Nilijua hayo yote. Niliogopa hayo, na niliogopa zaidi lile jingine.

Nikatoka. Nikafungua komeo mbele yake, kama desturi, nikamwinamishia aone. Akachungulia, nami nikachungulia. Hakuna risasi. Tulikubaliana kwa kichwa kwamba ni tupu, na pini nzima ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

"Umeitengeneza vizuri," akasema, akipapasa kitako. Akalipa kazi yote bila neno. Mlangoni akageuka. "Baba yako alikuwa mtu mwema, Ardis."

Jina langu. Kengele ya mlango ikalia, akaondoka.

Leland akasubiri pikapu ipotee. "Sasa niambie simu imekufa lini."

Nikaweka pini juu ya kioo. Leland amekulia mji huu. Hakuhitaji kuelezwa ni kitu gani. Alikaa chini.

"Umemwibia mtu," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Kwa ushahidi gani? Kwamba hakubishana bei?"

"Hata ulipopandisha, Leland. Ulipandisha, akasema sawa."

Nilimwona akirudia mambo kichwani: kofia, sanduku dogo, pochi. Uso ukambadilika. "Anazo nyingine nyumbani," akasema.

"Alimpa mwanawe zote baada ya mazishi, zikabaki risasi tu. Wewe ndiye uliyemsaidia kuzipakia."

Tukampigia simu nyumbani. Ikalia, ikalia. Tukampigia mchungaji, alikuwa safarini, mkewe akasema atampelekea mzee mkate wa viazi Jumapili. Jumapili. Nikampigia mwana wa Bwana Rud, yuko mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari. Nilishindwa kusema sentensi yenyewe. Nilisema, "Mpigie baba yako leo," naye akauliza kuna nini, nikasema mpigie tu, na nikamsikia akianza kuogopa kama mimi. Sherifu alituma mtu akapite. Mtu akapita, akamkuta Bwana Rud uani akimlisha mbwa, wakaongea habari za theluji, akaondoka akasema mzee mzima kabisa. Mzima kabisa. Nilitamani kuvunja kitu.

Usiku huo sikulala, na sina la kueleza zaidi ya hapo.

Ijumaa tulifungua, na watu wakamiminika kwa ajili ya kesho yake. Nilifunga darubini za kulengea juu ya bunduki, nilisikiliza uongo wa kulungu wa mwaka jana, na kila simu ilipolia niliikimbilia kabla ya Leland. Nilijiambia pini imetosha. Halafu nikajiambia kuna kamba duniani, kuna magari, kuna mto. Mchana sikuweza tena. Nikavua aproni mbele ya wateja, nikachukua ufunguo.

"Unaenda wapi na duka limejaa?" akauliza mmoja.

"Kukuletea kulungu, maana wewe mwenyewe humpigi," Leland akamjibu kwa niaba yangu, lakini sauti haikumtoka vizuri.

Barabara ya kaskazini imenyooka, mashamba yamekatwa pande zote, gari unaliona kutoka mbali. Niliiona pikapu ya kijani ikija. Huku mkipishana barabarani unainua kidole kimoja juu ya usukani, hata kwa adui yako, hata kwa mgeni. Niliinua. Bwana Rud alinipita akitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. Hakuinua.

Lakini alikuwa hai. Nilisimamisha gari kando, nikalia kama mtoto, kisha nikageuza na kumfuata. Alipokata kona kuingia mtaa wetu, nikajua anakwenda dukani kwangu.

Nilipoingia, duka lilikuwa kimya. Watu wote waliokuwa wakipayuka walikuwa wamerudi nyuma kwenye vioo vya Bi Oline. Bwana Rud alisimama kaunta, na bunduki ya baba yake imelala mbele yake. Komeo lilikuwa wazi, tupu, na mtutu umeelekezwa ukutani. Hata siku hiyo hakusahau adabu. Shavu moja hakulinyoa.

"Haipigi," akaniambia.

Msimu ulikuwa haujafunguliwa. Hakukuwa na kulungu wa kumpiga Ijumaa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na hakuna aliyeinua macho. Leland akafungua mlango, na wakatoka mmoja mmoja bila kuambiwa, kofia mikononi.

"Najua," nikasema. Niliitoa pini, niliyokuwa nayo mfukoni mwa suruali tangu jana, nikaiweka kwenye kioo kati yetu. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

Aliigeuza kwa ncha ya kidole. Midomo yake ilikuwa inatafuta namna ya kukaa.

"Uliitoa kabla hujanipa."

"Ndiyo."

"Na ukanitoza kazi nzima."

Sikuelewa mara moja. Leland, aliyekuwa amesimama mlangoni, alielewa kabla yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nilikutoza kazi nzima," nikasema.

"Bunduki haina pini, binti. Hiyo ni nusu ya kazi." Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye lile shavu lisilonyolewa na hakuyapangusa. "Baba yako asingenifanyia hivyo. Nirudishie nusu."

"Sirudishi hata senti."

"Theluthi, basi."

"Kitako ni cha mti wa jozi, mbao ya bei kali, Bwana Rud. Unajua jozi ni nini?"

"Jozi gani. Nimeona jozi. Ile ni mbao ya sanduku la samaki."

Leland akageuza kibao cha mlango kuwa tumefunga. Akaleta kiti, akakisukuma nyuma ya magoti ya mzee, naye akakaa bila kukitazama. Akaleta kahawa. Akaitwaa bunduki kaunta, taratibu, akaipeleka chumba cha nyuma, na kwenye simu ya huko nikamsikia akiongea na mwanawe Bwana Rud, akimwambia aanze safari sasa hivi.

Bwana Rud alishuka hadi robo. Nikamtukana. Alisema mafuta niliyopaka ni ya kukaangia samaki, nikasema Solveig angemwonea aibu. Aliinama, mabega yakamtikisika. Nikazunguka kaunta, nikamshika mkono ulio kavu na mkubwa, nikaushikilia.

"Robo," akasema mwishowe, chini chini.

"Sipunguzi," nikasema. "Endelea."

Akaendelea. Jua lilishuka nyuma ya maghala ya ngano, nasi tulikuwa bado tunabishana, na muda wote huo niliogopa kitu kimoja tu: asije akasema sawa.