Maji Hayana Meno

Kokoto zilikuwa zikisagwa ndani ya pampu, na hakukuwa na kokoto.

Nilizisikia hata bila nondo. Nondo ile ilikuwa ya Fundi Mkuu peke yake: ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, macho kafumba, nasi wengine tumebana pumzi kama tuliomsindikiza mgonjwa. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Kazi yangu ilikuwa kusoma geji na kuandika daftarini, basi.

"Beringi inalilia grisi," aliamua, akamgeukia msaidizi wake. "Kidevu, ilete. Halafu ufungue valvu ya kutolea maji hadi mwisho. Tangi linakauka."

Lilikuwa tangi la kilimani, linalolisha hospitali. Kiangazi kilikuwa kimeshusha maji ya kisima chetu mpaka tope likachungulia, na pampu ya pili ilikuwa imefumuliwa, vipande vyake vimetapakaa sakafuni. Hii moja ikifa, wodi ya wazazi ingekauka. Miezi mitatu kabla, mwanangu alioshwa kwa mara ya kwanza katika wodi hiyo.

Juzi yake, kwenye darasa la jioni, mwalimu alikuwa amezungusha sahani ya bati ndani ya karai la maji, akadondosha wino. Karibu na kitovu wino ulijikunja taratibu, kama nywele zilizochanwa. Ukingoni, mwendo unakozidi, ukachanika, ukavurugika.

"Maji yanayogusa kinachozunguka hushikana nacho," alisema. "Yakivutwa kwa pupa, na yanakotoka ni haba, huzaa mapovu. Na povu likipasuka, hung'ata chuma."

Niliandika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umempakata mtoto aliyekuwa ananyonya. Ukurasa ule una doa la maziwa mpaka leo.

Nikasema kabla woga haujaniwahi: "Mzee, si beringi. Ni mapovu."

"Mapovu!" Kidevu akaangua kicheko, kopo la grisi mkononi. "Hii ni pampu au beseni la nepi, mama mtoto?"

"Inavuta kuliko inachopata. Tusiifungue valvu, mzee. Tuifunge kidogo."

Fundi Mkuu alinigeukia polepole. "Watu wana kiu, wewe unafunga maji? Mtoto wako kaogeshwa kwa maji ya hapa, mwanangu."

"Ndiyo maana, mzee."

Mshale wa geji ulikuwa ukitetemeka kama mdomo wa mtu anayezuia kilio. Saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Maziwa yamelowanisha blauzi, nikajikinga kwa daftari. Sakafu ilitikisika chini ya viatu vyetu.

"Haya, funga," alisema. "Ukikosea, utawapelekea maji kwa ndoo kichwani."

Valvu iligoma, kisha ikalegea. Mzunguko wa kwanza, kokoto. Wa pili, kokoto vilevile. Viganja vikaanza kuteleza kwa jasho, na Kidevu akaweka kopo la grisi chini. Wa tatu, kokoto zikawa mchanga. Wa nne, mchanga ukawa pumzi.

Mshale ukatulia.

Tangi lilipanda kwa mwendo wa konokono, lakini lilipanda. Fundi Mkuu hakunisifu. Aliweka nondo sikioni, kisha akaninyooshea. Nilipoipokea, ncha yake ilikuwa bado na joto la sikio lake.

Gurudumu la ndani ya pampu ile, linalosukuma maji, tulilitoa baadaye, mapanga yake yametobolewa kama mbao iliyoliwa na mchwa. Siku hizi linazuia mlango wa chumba cha pampu usijibamize. Binti yangu, sasa ana miaka minne, hupenda kuingiza vidole kwenye matundu yake.

"Nani alilitoboa, mama?"

"Maji."

"Muongo! Maji hayana meno."

Nikampa nondo. Akaweka ncha moja kwenye pampu, nyingine sikioni, akafumba macho kama Fundi Mkuu, ambaye yeye hakuwahi kumwona akifanya hivyo, akabana pumzi.