Betri Nilizoanika Juani

Siku moja ya mwezi wa nane, mwaka 1997, nilizitoa betri tatu katika gemu ya marehemu mwanangu na kuzianika kwenye jamvi la kahawa, upande unaopata jua tangu asubuhi. Ndivyo tulivyozoea kufanya na betri za redio hapa Izigo. Zikichoka, unazianika mchana kutwa, na jioni unasikiliza taarifa ya habari. Klaudia, binti yangu, alikuwa shuleni. Kioo cha gemu kilikuwa kimefifia hata akawa anaishika karibu na pua. Nilitaka akirudi aikute ina nguvu.

Kabla sijazitoa, niliiwasha na kusoma namba iliyokuwa kwenye kioo. Siku hizo nilisoma kila kitu kwa mazoezi, hata maandishi ya mfuko wa saruji. Nikapata elfu ishirini na moja na mia tatu. Nilijua namba ya mwanangu Karugendo haikuwa hiyo, kwa hiyo nikaamini kwamba mimi ndiye niliyekosea kusoma, nikaendelea na kazi yangu.

Karugendo aliinunua gemu hiyo sokoni Bukoba alipokuwa karani katika ghala la kahawa. Ni kitu cha plastiki cha kijivu, kinaenea kiganjani. Ndani ya kioo chake matofali madogo hushuka moja baada ya jingine, na mchezaji huyageuza na kuyapanga. Mstari ukijaa bila pengo, unafutika na mchezaji anapata alama mia moja. Matofali yakirundikana hadi juu, mchezo umekwisha. Alama za juu kabisa zilizowahi kufikiwa hubaki pembeni, hata ukiizima.

Alirudi nyumbani mwezi wa kumi na moja mwaka 1996 akiwa na begi moja na gemu hiyo. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Baba yao alikuwa tayari amelala kaburini kibanjani, shambani kwetu, chini ya migomba, tangu mwaka 1991, na naye hakuna aliyekuwa ameuliza. Nilimpikia uji, nilimgeuza, nilifua shuka. Miguu yake ilipokataa, mikono iliendelea kumtii, na kwa mikono hiyo alicheza.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza alituita mimi na Klaudia kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu arudi. Alikuwa ameegemea ukuta, anatabasamu. Akanigeuzia kioo.

"Mama, soma."

Hapo lazima nieleze jambo moja. Mwaka 1978 nilijiandikisha katika kisomo cha watu wazima, nikiwa na Karugendo mwenyewe mgongoni. Tulikuwa tumefika kwenye mamia vita vilipoanza. Mwalimu wetu, Kagaruki, akaenda na wanamgambo, darasa likafungwa, nami nikabaki na mamia yangu kwa miaka kumi na minane. Kisomo kilipofunguliwa upya nilirudi, lakini maelfu yalikuwa bado yananishinda.

"Moja, nane, nne, sifuri, sifuri," nikasema.

"Hizo ni tarakimu. Mimi nataka namba."

"Basi ni mia nyingi sana."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mia nyingi sana! Ungekuwa karani pale ghalani, kahawa yote ya Muleba ingeandikwa magunia mengi sana."

"Na mkubwa wako angenipandisha cheo," nikamjibu.

Akaomba daftari langu la kisomo. Aliniongoza kuiandika: 18,400. Chini yake akanitajia maneno nami nikayaandika polepole: elfu kumi na nane na mia nne. Kisha akachukua kalamu nyekundu ya Klaudia, akaniwekea alama ya vema. Mkia wa vema ukavuka hadi mstari wa juu. Hakuifikia tena namba ile. Alifariki tarehe ishirini mwezi wa pili.

Klaudia hakulia kwenye matanga. Aliteka maji, akawapokea wageni, akaosha sufuria. Baadaye aliichukua gemu akawa anaicheza barazani kila atokapo shule. Mwanzoni alicheza kimya. Baada ya Pasaka nikaona anacheza huku machozi yanamtoka. Hakuacha kubonyeza. Chozi likidondokea kioo, alilifuta kwa pindo la sketi ya shule na kuendelea.

Jirani yangu Ma Joviana, tuliyesoma naye kisomo, hakupendezwa.

"Ma Eufrazia, mtoto amemzika kaka yake na macho makavu, leo anaililia plastiki! Ichome hiyo."

"Ina namba ya Karugendo."

"Namba? Na wewe unaililia?"

"Mimi sijui hata kuicheza," nikamwambia. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye maharage yake.

Nilikuwa nimeamua kuitunza. Namba ile aliipata mwanangu kwa nguvu zake za mwisho, na nilijua kwamba Klaudia alikuwa akimtazama kaka yake kila alipoiwasha. Ndiyo sababu nilizitoa betri na kuzianika.

Saa kumi jioni nilizirudisha. Gemu ikalia wimbo wake na picha kiooni zikawa nyeusi, safi kabisa. Nilifurahi. Kisha nikatazama pembeni, mahali pa alama za juu, nikaona sifuri. Nikaizima, nikaiwasha. Sifuri.

Klaudia aliikuta mkononi mwangu.

"Mama, ulitoa betri?"

"Nilizianika. Zilikuwa zimechoka."

Akaketi chini, kwenye udongo, na sare yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi imekwenda," akaingia ndani. Kwa siku tatu alinijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama" bila kuongeza neno, wala gemu hakuigusa.

Siku ya nne nilifunga gemu katika kitenge, nikasimamisha basi linalokwenda Biharamulo, nikashuka Muleba. Karibu na soko alikuwapo fundi wa redio, Muhidini, kijana mchangamfu mwenye meza iliyojaa waya.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa ana nini?"

"Marahaba. Amesahau namba." Nikamweleza yote, na mahali nilipozianika.

"Pamoja na kahawa?" akauliza. "Basi ndiyo maana imesahau: imekunywa kahawa, haikulala." Akaona sicheki, naye akaacha. "Samahani, mama. Ngoja nikueleze. Redio haikumbuki kitu, kwa hiyo ukiitoa betri haipotezi kitu. Hii inakumbuka kwa umeme wa hizo betri. Ukizitoa, imesahau. Hata ukiipeleka Bukoba, hata Mwanza, hakuna wa kuirudisha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ilikuwa ngapi?"

"Elfu kumi na nane na mia nne." Halafu, kwa kuwa jambo lile lilikuwa limenikaa kichwani, nikaongeza, "Lakini nilipozitoa, mimi nilisoma elfu ishirini na moja na mia tatu. Ndiyo kwanza najifunza maelfu, nilikosea."

Muhidini aliweka bisibisi mezani. "Ishirini na moja na mia tatu? Mtu anayekosea hapati namba inayoishia na mia kamili namna hiyo, mama. Ulisoma sawa. Na hiki kitu hakipandishi namba chenyewe. Ikipanda, kuna mtu ameipandisha. Nyumbani nani anacheza?"

Nilimshukuru. Hakutaka malipo. Katika basi la kurudi nilikaa na gemu mapajani nikifikiri jinsi mtoto alivyoanza kulia baada ya Pasaka.

Nilimkuta Klaudia anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Niliketi karibu naye, nikachukua kisu kingine na kumenya pia, maana niliona itakuwa rahisi zaidi kusema mikono ikiwa na kazi.

"Klaudia, kaka yako ulimpita lini?"

Kisu chake kikasimama.

"Jumatatu ya Pasaka," akasema. "Sikutaka, Mama. Nilitaka nimfikie karibu tu, halafu niache. Nilikuwa nimebakiza kidogo. Likaja lile tofali refu, nikaliweka pembeni, mistari minne ikafutika kwa mara moja. Nikatazama, nikaona yake haipo. Iko yangu, na vidole vikaendelea mpaka matofali yakafika juu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimemfuta?" Sasa alikuwa analia, na safari hii hapakuwa na gemu mkononi. "Kila siku nilikuwa nacheza, nalia. Nilitaka nizitoe betri ianze upya, nipate kumi na nane na mia nne kamili, nisimame hapo hapo, hakuna atakayejua. Nikaogopa. Halafu wewe ukazitoa, ukadhani umeifuta wewe. Na mimi nikanyamaza. Nimekuacha umekwenda mpaka Muleba!"

Alisema la Muleba kana kwamba ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Nilinawa mikono, nikaingia ndani na kuchukua daftari langu la kisomo. Nililifungua ukurasa ule, nikamwekea mapajani. Namba ilikuwapo, na maneno chini yake, na vema nyekundu yenye mkia mrefu. Klaudia aliitazama muda mrefu. Aliifuata vema kwa kidole bila kuigusa, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na utomvu wa ndizi.

"Aliweka yeye?"

"Yeye. Kwa kalamu yako."

"Nilikuwa naitafuta kalamu ile." Akafuta pua kwa mkono. "Mama, hii nane yako imelala kama mgonjwa."

"Ilikuwa nane yangu ya kwanza yenye maelfu. Iheshimu."

Akacheka kidogo, kisha akalia tena, na mimi sikumzuia. Tulipomaliza kumenya nilimpa kalamu nikamwambia aandike na yake. Alisema haifai kuwa juu. Nikamwambia ukurasa unaandikwa kwenda chini, na chini ya ile ya kaka yake pana nafasi. Akaandika 21,300, na pembeni jina lake na siku: Jumatatu ya Pasaka. Kisha akanikabidhi gemu.

"Sasa wewe."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na sikuwahi kuucheza mchezo ule. Nilifikiri kwamba mtu hucheza ili ashinde. Klaudia alisimama nyuma yangu akinielekeza: geuza, peleka kushoto, liache lianguke. Nilipanga mstari mmoja, ukafutika, na papo hapo matofali mengine yakaja, kwa mwendo uleule. Nikauliza yanaisha lini.

"Hayaishi," akasema.

"Sasa mtu anashindaje?"

"Hashindi, Mama. Anachelewesha tu."

Nikaikumbuka miezi ile mitatu, uji na shuka na kumgeuza huku na huku, kila asubuhi upya. Kazi hiyo niliijua. Nikamwona Karugendo ameegemea ukuta, anafanya kwa vidole vyake kile nilichokuwa nikikifanya jikoni, kila mmoja upande wake, na hatukuwahi kuzungumza juu yake. Macho yakajaa, tofali likanipita.

"Futa kioo, hulioni linalokuja," Klaudia akasema, na akakifuta yeye mwenyewe kwa pindo la sketi. "Kulia! Kulia! Aa, Mama! Hata kuku wa Ma Joviana angeliona hilo."

Matofali yalifika juu, gemu ikalia na kunyamaza. Tukasoma pamoja alama zangu. Akaniuliza kama anielekeze namna ya kuziandika, nikamwambia hapana, anipe kalamu. Nikaandika chini ya namba zao: 300. Hiyo sikuhitaji kufundishwa. Mamia nilikuwa nayajua tangu kabla ya vita.