Kipande cha Chini ya Mfuko

Ngumbao alikuwa na ulimi wenye cheo, na usicheke. Miaka kumi na mmoja aliwachimbia watafiti wa mifupa ya kale huko maporini bara, na wao ndio waliomfundisha: ukiokota kitu udongoni na hujui ni jiwe tupu au ni mfupa uliogeuka jiwe, kiguse kwa ncha ya ulimi. Jiwe litateleza, mfupa utanata. Basi tangu aliporudi Takaungu, bwana huyu hakupita changarawe bila kuilamba, na watu wakamheshimu kwa hilo.

Mwezi wa tatu Hafidha binti Twahir akaanza kuchimba msingi wa nyumba ya mawe, nyuma ya kibanda cha udongo alichoishi na mamake, Bi Ummulkheir. Kibanda kilikuwa kimechoka, ukuta mmoja umeshikiliwa na gogo la mnazi, na masika hayo yanakuja. Fundi alipofika kina cha magoti, sururu ikatoa vipande vyeupe vyenye madoa ya kijivu, vigumu, vimegandamana na chokaa. Ngumbao akaitwa. Akalamba. Ulimi ukanata.

"Simamisheni kazi!" alisema, na sauti yake mwenyewe ikampendeza. "Hii ni mali ya taifa. Asiguse mtu mpaka wataalamu waje."

Bi Ummulkheir alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. "Ngumbao mwanangu, hapo palikuwa na tanuu la chokaa la marehemu babangu. Kila siku ya kuliwasha alichinjwa ng'ombe wa sadaka. Watu wakila, mifupa inatupwa humo humo motoni."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu," Ngumbao alimjibu, na hata hakugeuka. Kesho yake bibi akamwambia tena, akajibiwa vile vile.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe. Alipokuwa akivipanga vile vipande nyumbani kwake, alikiona kimoja kilichokatwa. Kimekatwa sawasawa, na alama za meno ya msumeno zinaonekana wazi. Sasa mnyama wa kale, msumeno aliupata wapi? Moyo ukampiga pa! Lakini alikuwa ameshapiga simu Nairobi, ameshatangaza mpaka sokoni, na vijana walishaanza kumwita profesa. Akakitia kipande kile chini kabisa ya mfuko, akaweka vingine juu yake.

Ikapita wiki, zikapita saba. Mvua ikanyesha usiku na mchana, msingi ukajaa maji, ukuta wa gogo ukaanguka. Hafidha na mamake wakahamia jikoni, wakawa wanalala baina ya mafiga na kuni. Ngumbao akaanza kupita njia ya mbali ili asiuone ule uwanja.

Siku aliyofika Daktari Waruguru, mtaalamu wa mifupa ya kale kutoka Nairobi, majirani walijaa uani. Ngumbao alimkabidhi mfuko kwa mikono miwili. Alitarajia mgeni atachomoa kimoja kimoja kutoka juu na kuridhika na vitatu vinne. Daktari aliumwaga wote mkekani, na cha chini kikaja kukaa juu.

Akakiokota, akakigeuza. "Huu ni mguu wa ng'ombe, mzee. Umekatwa kwa msumeno. Umeungua sana, na mfupa ulioungua nao hunata ulimini, ndiyo maana ukadanganyika. Na chokaa yote hii? Hapa hapakuwa na tanuu? Hakuna aliyekwambia?"

Ngumbao akahisi uso unamchoma. Akatazama vidole vya miguu yake.

Bi Ummulkheir akakohoa. "Ni mimi, mwanangu daktari. Sikumwambia. Uzee huu, nilisahau."

"Mama!" Hafidha akamgeukia, machozi yakimlengalenga. "Wiki saba tunalala na moshi, na kifua chako hicho kinakubana, kumbe jambo lenyewe unalo wewe? Ya Rabi! Hata hili la kusahau?"

Majirani wakatikisa vichwa. Mmoja akacheka, akasema bibi akili zishamruka.

Na Ngumbao, nisimfiche, kwa muda wa kumeza mate aliona nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtia haya kuliko yote. Akatamani ule msingi umfunike na maji yake.

"Aliniambia," alisema. Akavua kofia. "Aliniambia mara mbili, sikumsikiliza. Na kipande hicho nilikiona siku ile ile. Nilikificha mimi."

Hafidha hakumtukana, angemtukana ingekuwa afadhali. Alimtazama tu, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya mamake, akamshika mikono.

Ngumbao akasogea, kofia mkononi. "Nisamehe, mama. Kwa nini ulitaka kunisitiri, na mimi ndiye niliyekulaza jikoni?"

"Wewe una jina lako, mwanangu, niliona utalipoteza," Bi Ummulkheir alisema. "Mimi nikisema nakumbuka, nani huniamini? Nishazoea."