Amonaiti Iliyookotwa Chini ya Genge

Upande wa mbele wa amonaiti ile, kombe la kale lililogeuka jiwe, ulikuwa umesafishwa zamani. Ndio uliopigwa picha, ndio uliosifiwa ofisini. Leo mtaalamu wa visukuku aliigeuza kwa sababu tu alitaka kazi ya kumsahaulisha habari za kisima kilichokosa maji. Akapitisha sindano na brashi kwenye mikunjo ya nyuma, na unga uliodondoka mezani ulikuwa wa manjano.

Aliutazama mpaka macho yakamwuma. Tabaka la chini la genge lile la mwamba alikoiokota ni jeusi tii. La manjano liko juu kabisa, kule ambako siku ile hakupanda kwa kuwa jua lilikuwa kali na uvivu ulimshika. Aliikuta amonaiti chini ya genge, imetulia kana kwamba inamsubiri yeye, akaiokota na kuandika kwamba imetoka tabaka jeusi. Kumbe iliporomoka kutoka juu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatazwa kuamini jiwe lililodondoka.

Laiti kosa lingeishia pale mezani. Viumbe hao wa bahari za enzi ya Jurasiki, wenye makombe yaliyojikunja kama pembe za kondoo dume, hawakukaa na umbo moja muda mrefu. Kila tabaka lina aina yake, na ukiikuta aina ileile mahali pawili, unajua miamba hiyo ni ya rika moja. Basi mtambo wa kuchimba kisima ulipotoa kipande cha mwamba kilichojaa tope, rangi haionekani, chenye amonaiti kama yake, alitamka kwa majivuno kwamba wamefika tabaka jeusi, na mchanga wenye maji uko papo hapo chini yake. Wakachimba. Hapakuwa na tone, maana walikuwa bado kwenye tabaka la manjano, na mchanga ulikuwa mbali sana.

Lawama zote zilimwangukia mchimbaji, naye ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Bosi alisema mtambo ulikwenda upande badala ya kushuka wima. Kesho shimo lifukiwe na mchimbaji akatafute kazi kwingine. Mtaalamu alikuwepo kikaoni, akanyamaza akidhani ni kweli. Sasa alijua, na roho ilimsuta vibaya. Pia ilimjia kwamba unga ule unafutika. Akashika kitambaa kweli, kisha akaona haya, akakitupa, akaitia amonaiti mkobani pamoja na unga wake.

Alimkuta shemeji uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapaka grisi vifaa ambavyo hangevitumia tena.

“Karibu, shemeji wa mawe,” alisema, kisha utani ukamkauka mdomoni. “Nisamehe. Ulinionyesha mpaka mahali, nikakuangusha.”

Hapo ndipo mtaalamu alipotamani ardhi ipasuke. Alikuja kuomba radhi, na huyu kamtangulia. Akatoa amonaiti, akamweleza yote, bila kujitetea kwa jua wala kwa lolote.

Shemeji alijifuta grisi mikononi. “Kwa hiyo mtambo haukwenda upande?”

“Haukwenda. Nimekosea mimi. Naenda kwa bosi sasa hivi nimwambie shimo lisifukiwe, maji yako chini zaidi.”

“Bosi atangoja,” alisema taratibu. “Kamwambie mdogo wako kwanza.”

Hakuelewa kwa nini, ila hakuwa na uso wa kumbishia. Aliingia jikoni. Mdogo wake alikuwa anakata vitunguu, akafurahi kumwona, akaanza palepale kumwombea mumewe radhi: mwanamume kafunguliwa njia na dada wa watu, naye kashindwa hata kutoboa shimo. Ilibidi amkatize. Alirudia yote.

Mdogo wake aliweka kisu chini. Hakumtazama dada yake. Alimtazama mumewe kupitia mlangoni, amejiinamia juu ya ndoo yake.

“Dada,” alisema, “nilimwita mbabaishaji mbele ya wanawe. Na yeye akaniambia, dada yako hakosei.”